Onen wa Jukwaani

Uwanjani aliitwa Onen. Kitambulisho chake cha taifa kilisema Onen, leseni yake ya ukocha ilisema Onen, na watoto wake watatu waliandikishwa shuleni kwa jina hilo hilo kama jina la baba. Mjini ni mama yake peke yake aliyemwita Okullo, tena alipokuwa amemkasirikia. Alipokuwa hana hasira hakumwita kwa jina lolote. Alisema tu "wewe," naye akageuka.

Okullo ndilo jina alilozaliwa nalo, na humu tutamwita hivyo. Walau mtu mmoja aseme ukweli tangu mwanzo.

Baba yake alikuwa koplo wa polisi, Mwacholi wa upande wa Kitgum, kaskazini mwa nchi, na familia ilikaa kambi ya polisi jijini Kampala, juu ya Bukoto, katika unipoti, yaani kibanda cha bati cha mviringo ambacho mchana kinakuoka na usiku kinakugandisha. Koplo alipokufa kwa malaria, mwaka 2001, hata matanga hayajaisha barua ikafika: mjane aondoke, nyumba ni ya askari. Mjane huyo, Adong, alikuwa na wavulana wawili. Okullo alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliacha shule darasa la sita, na kazi aliyoijua ni kukimbia na mpira pembeni mwa uwanja hadi mabeki wamtukane. Onen alikuwa na miaka kumi na minne, ametoka kumaliza darasa la saba kwa alama zilizozungumzwa kambini wiki nzima.

Afande Oyat, mkuu wa michezo pale kambini, alikuwa anatafuta winga wa kushoto kwa mashindano ya vijana chini ya miaka kumi na saba. Alikuja kwenye unipoti akiwa na kofia mkononi, akakaa juu ya ndoo.

"Mama, mimi nataka huyu mkubwa," alisema. "Lakini miaka yake iko mingi. Huyu mdogo iko na cheti ya darasa ya saba?"

"Iko kwa sanduku," Adong alijibu.

"Basi mkubwa achezee cheti ya mdogo. Ni mashindano moja tu. Mwaka moja tu, narudisha. Na mtu ya timu yangu, hakuna mtu anaweza fukuza mama yake hapa kambi."

Uongo wenyewe haukuwa wa ajabu. Nusu ya vijana waliocheza mashindano yale walikuwa wamenyoa ndevu asubuhi hiyo hiyo. Adong aliangalia bati lililomzunguka, kisha akaangalia pembeni. Onen ndiye aliyekimbilia sanduku. Alikifuta cheti vumbi kwa kiwiko cha shati na kukikabidhi kwa mikono miwili, anacheka. "Ukifunga goli wataita jina yangu!" alimwambia kaka yake. "Uwanja yote!"

Okullo alifunga magoli saba. Timu ya askari, Ngao, ikamchukua. Mama hakuhama. Cheti kikaingia kwenye kabati la chuma la ofisi ya michezo, na mwaka mmoja ukawa miwili. Miaka ya cheti ilipofika kumi na minane, winga akapewa sare na namba ya kazi: Konstebo Onen. Afande Oyat alimpigia saluti kwa mzaha, na watu wakacheka.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walisema. Hawakusema mwenye nguo naye anabaki uchi.

Onen wa kweli aliombwa cheti cha darasa la saba ili ajiandikishe mtihani wa kidato cha nne. Hakuwa nacho. Akaacha shule bila kelele, akasema atajaribu polisi kama baba. Mwaka 2006 alipanga foleni na vijana wengine, akakimbia mbio zao, akapimwa kifua. Mezani akataja jina lake. Sajenti akafungua daftari, akamtazama, akafungua tena.

"Onen iko kazini zamani. Ni winga yetu. Wewe unaiba jina ya mchezaji?"

Wakamchapa vibao na kumweka ndani. Kesho yake wakamwita winga mwenyewe aje amtambue.

Hapa ndipo ningependa kusema Okullo alisimama akaeleza. Alikuwa na miaka ishirini na minne, ana nguvu, ana jina kubwa mjini. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Onen alikuwa ameketi sakafuni, mdomo umevimba, akamwona kaka yake akiingia na sare, na uso wake ukafunguka.

"Unajua huyu?" sajenti aliuliza.

"Ni ndugu yangu, afande."

"Jina yake nani?"

Okullo aliifikiria unipoti. Aliifikiria mechi ya Jumamosi pia, na hilo ndilo aliloona haya nalo maisha yake yote. "Okullo," alisema. "Anaitwa Okullo. Kichwa yake wakati ingine haiko sawa."

Wakamwachia. Walishuka kilima pamoja hadi barabarani. Kwenye duka la kona Okullo alimnunulia soda, na Onen akainywa yote, maana alikuwa na kiu.

Tangu siku ile Onen akawa Okullo kwa watu wa mji, Okullo asiye na cheti chochote. Akajifunza ushonaji viatu kwa mzee mmoja soko la Nakawa, na mkono wake ulikuwa safi kama ulivyokuwa kwenye hesabu. Njumu za timu ya Ngao zilizoachama zilipelekwa kwake, zikarudi zimefungwa kwa uzi wa nailoni usiokatika. Kila Jumamosi timu ikicheza nyumbani alifunga meza yake saa nane, akaja uwanjani, akakaa ngazi ya tatu ya jukwaa la saruji, chini ya tangi la maji.

Na mashabiki wakianza, "Onen! Onen! Onen!", yeye alisimama.

Hakushangilia. Hakuinua mikono. Alisimama wima tu, mikono ubavuni, mpaka kelele ziishe, kisha akakaa. Waliokuwa nyuma yake walimvuta shati: "Wewe fundi, kaa chini, tunataka kuona!" Wakamzoea, wakamwona shabiki mwenye kichwa chepesi. Okullo aliwahi kumwuliza kwa nini anafanya vile.

"Shuleni mwalimu akiita jina, mtu anasimama," Onen alijibu. Hakusema kwa uchungu, na afadhali angesema kwa uchungu.

Mpira wenyewe ulikuwa mtamu kwa muda. Okullo aliitwa timu ya taifa mara moja, akakaa benchi dakika tisini, akarudi na jezi. Alicheza msimu mmoja Kigali. Kisha, alipokuwa na miaka ishirini na sita kwa karatasi, goti likaanza kuvimba kila baada ya mechi. Magazeti yakaandika kwamba Onen amezeeka mapema. Daktari wa timu akashangaa picha za goti, akasema kijana huyu ana mifupa ya mtu wa zaidi ya thelathini. Goti halijui kusoma cheti.

Alipoacha kucheza, Ngao wakampa kazi ya kocha msaidizi, baadaye kocha mkuu. Alikuwa kocha mzuri, wa maneno machache. Wazazi walipomletea vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao, alivipokea akaviweka mezani kifudifudi, hakuvisoma.

Alimwoa Annick, Mkongomani kutoka Bukavu aliyeuza vitenge soko la Owino, na mwaka wa saba wa ndoa akamweleza yote. Annick alikuwa anakunja kitenge. Aliendelea kukikunja mpaka kikawa kidogo kabisa.

"Sasa miye niliolewa na nani?" aliuliza. Baadaye usiku alisema tena, polepole, "Na ule mwenye jina, anajuaka kama batoto yako banaitwa jina yake?"

"Anajua."

"Na anasema nini?"

"Anawashonea viatu ya shule."

Vitambulisho vya taifa vilipokuja, mwaka 2014, ndugu hao wawili walikwenda kujiandikisha siku moja, wakapanga foleni moja. Ulikuwa wakati wa kurekebisha mambo. Wote wawili walilijua hilo, na mstari ulikuwa mrefu wa kutosha kwa mtu kubadili nia. Okullo aliingia kwanza. Aliweka vidole vyake kwenye kioo na kusema, "Onen." Ndugu yake, aliyekuwa nyuma yake, akasikia. Zamu yake ilipofika alisema, "Okullo," akaweka vidole vyake vyenye gundi ya viatu, ikabidi vioshwe mara tatu ndipo mashine ikasoma.

Miaka kumi baadaye Onen akavimba miguu. Ilidhaniwa ni kukaa sana kwenye kigoda. Zilikuwa figo, zote mbili, na zilikuwa zimeharibika siku nyingi. Okullo alimlipia, alimbeba, alilala kwenye mkeka chini ya kitanda chake hospitalini. Tusimnyime haki yake, alimpenda ndugu yake. Alimpa kila kitu isipokuwa kile kimoja.

Ni hicho Onen alichoomba. Ilikuwa alasiri, mvua imetoka kuisha, na muuguzi amekwenda kunywa chai.

"Omera, ndugu yangu," alisema. "Mimi najua nakufa. Nataka kitu moja. Jina yangu, nirudishie. Nisizikwe na jina yako. Wewe unatumia yangu, na yako bado unayo. Mama anakuita nayo."

"Sawa," Okullo alisema.

"Sema kweli."

"Nitarudisha. Wacha ligi iishe. Imebaki mechi tano."

Onen alimtazama. "Afande Oyat alisema mwaka moja," alisema, akageukia ukuta.

Okullo hakuwa anadanganya. Alikwenda kwa wakili Nakawa, akaandikiwa hati ya kiapo: kwamba yeye, anayejulikana kama Onen, jina lake halisi ni Okullo, kwamba jina Onen ni la ndugu yake wa tumbo moja. Ilibaki sahihi yake tu. Wakili alimweleza bila kumficha kwamba karatasi ile ikifika ofisini, kazi ya polisi imekwisha, nyumba ya kambi imekwisha, leseni ya ukocha imekwisha, na huenda akashtakiwa. Okullo aliikunja mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa kifuani wa trakisuti ya timu, akafunga zipu.

Akawa nayo mazoezini. Akawa nayo kwenye benchi. Ngao walikuwa wanaongoza ligi yao na walibakiza kidogo kupanda daraja. Alijiambia kwamba akikiri sasa timu itanyang'anywa pointi. Hakuna kanuni ya namna hiyo kwa makocha, naye alijua. Annick aliikuta karatasi alipotaka kufua trakisuti, akaisoma, akairudisha mahali pake.

"Enda utie mukono," alimwambia. "Tutauza vitenge. Batu banaishi na vitenge."

"Mechi tatu," Okullo alisema.

Ngojangoja huumiza matumbo, na mara nyingine tumbo linaloumia si la yule anayengojesha. Onen alifariki Jumatano asubuhi, mechi zikiwa zimebaki mbili. Kwenye cheti cha kifo karani aliandika jina lililokuwa kwenye kitambulisho.

Watu wa kaskazini wanazikwa nyumbani, na nyumbani wanajulishwa kwa redio. Okullo alikwenda kituo cha redio kinachotangaza kwa Kiacholi kutoa tangazo la msiba. Msichana wa mapokezi, Moreen, alimtambua. Alikuwa shabiki wa Ngao, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kiganda.

"Pore sana, kocha. Andika hapa jina ya marehemu, na hapa jina yako wewe."

Okullo alishika kalamu. Karatasi ya wakili ilikuwa kifuani, sentimita chache kutoka mkono wake. Cheti cha kifo kilikuwa mezani. Nyuma yake kulikuwa na watu wawili wenye misiba yao, wanasubiri. Kwenye mstari wa marehemu akaandika Okullo. Kwenye mstari wa anayetangaza akaandika Onen. Moreen alihesabu maneno akampa risiti, na jioni ile redio ikawatangazia Waacholi wote kwamba yeye amekufa.

Hakufikiria kwamba nyumbani wataamini. Hilo ndilo kosa lake, kosa la mtu aliyekaa kwenye uongo mpaka akadhani dunia nzima inaishi humo. Kampala ilijua kwamba Okullo ni fundi viatu. Kijijini, nje kidogo ya Kitgum, hakuna aliyejua habari hiyo. Wao walijua watoto wa koplo kama walivyozaliwa: Okullo mkubwa, mchezaji, aliyejenga nyumba ya matofali ya mama yake, na Onen mdogo, mkimya.

Gari la maiti lilipoingia Ijumaa saa nne, ua wa nyumba ulikuwa umejaa watu wa koo tatu. Kilio kama hicho hakikuwahi kuonekana pale. Wanawake walijitupa chini. Shangazi yao Florence, dada wa koplo, alikuwa amelia tangu Jumatano mpaka sauti imekatika, akikimbia kuzunguka nyumba na kumlilia Okullo wake, Okullo aliyemnunulia blanketi, Okullo fahari ya nyumba. Okullo akateremka kwenye gari.

Watu waliokuwa mbele walirudi nyuma. Shangazi alimwona, akasimama, akaja taratibu akamgusa uso kwa vidole viwili. Kisha akapiga kigelegele. Kilikuwa kigelegele cha harusi hasa, na wengine wakakidaka, na kwa muda kama wa kunywa maji watu walicheka na kumkumbatia na kumnyanyua juu, mbele ya jeneza la ndugu yake.

"Basi ni nani?" shangazi aliuliza kwa Kiacholi, akifuta machozi ya furaha. "Tumemlilia nani?"

"Onen," Okullo alisema.

"Ah," alisema shangazi. "Onen." Akajaribu kuanza kulia tena, na hakuweza. Alikuwa ameyamaliza. Wote walikuwa wameyamaliza. Walimzika Onen alasiri ile kwa macho makavu, wakisema chini kwa chini kwamba Mungu ni mwema, kumbe ingekuwa mbaya zaidi.

Askari wenzake walikuwa wamekuja na lori na shada la maua, na mbele yao Okullo hakuthubutu kuugusa msalaba, ukabaki vile fundi seremala wa Kampala alivyouandika: OKULLO. Wazee wa kijiji waliusoma, wakatazamana. Walidhani ni kosa la fundi, na wakaona si adabu kumsumbua mfiwa.

Adong alingoja mpaka udongo wa kwanza ulipotupwa. Alikuwa amekuja na kigoda cha Onen kutoka Nakawa, kile cha kushonea, akakalia hicho.

"Okullo," aliita.

Akaja, akachuchumaa mbele yake.

"Mimi ndiye niliyewapa majina," mama yake alisema. "Wewe ulizaliwa njiani, tukivuka kijito, nikakupa jina la kijito. Yeye alizaliwa mwaka ambao nilikuwa nimeona mengi, nikamwita Onen, jina la aliyeona. Nilidhani nimekwisha kuona." Akamsukuma kifua kwa kiganja, pale pale kwenye mfuko wenye zipu, na karatasi ikakwaruza. Aliisikia. Hakuuliza ni nini. "Nenda. Watu wako wa mpira wanakungoja."

Jumamosi ya wiki iliyofuata Ngao walicheza nyumbani mechi waliyohitaji sare tu ili wapande. Uwanja ulifurika. Mtangazaji akaomba dakika moja ya kimya kwa ajili ya marehemu Okullo, fundi viatu wa timu na ndugu mpenzi wa kocha wetu Onen. Wachezaji wakashikana mikono kwenye duara la katikati. Okullo alisimama mbele ya benchi na kusikiliza jina lake likizikwa kwa mara ya pili.

Refa alipopuliza filimbi kumaliza kimya, jukwaa halikushangilia. Likaanza kupiga makofi taratibu, kumpa pole kocha wao kwa njia pekee waliyoijua. "Onen," waliita. "Onen. Onen."

Alitazama ngazi ya tatu, chini ya tangi la maji. Hakutaka kutazama, lakini miaka kumi na minane shingo yake ilikuwa imezoea kugeuka huko jina likiitwa. Watu wa ngazi ile walikuwa wameacha nafasi ya mtu mmoja, kwa heshima ya fundi wao. Jina liliitwa tena, na tena, maelfu ya watu kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza Okullo alilisikia likimwita mwenye jina. Hakuna aliyesimama.

Okullo aliinua mikono yote miwili juu, kuwazuia, apate kuwaambia ukweli. Wao wakadhani anawashukuru, wakazidisha sauti.